Anayeita Majina Asubuhi

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka 20. Saa kumi za alfajiri nilitoka Majengo, Mombasa, nimekunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, nikateremka kwa miguu hadi lango la bandari ya Kilindini. Tulikuwa vijana wengi pale, vibarua, makuli kama tulivyojiita wenyewe bila kuona haya. Nyapara alipanda juu ya kreti akatutazama. Hakuwa na orodha mkononi. Alinyoosha kidole tu: wewe, na wewe, na yule mwenye kofia. Walioonyeshwa kidole waliingia langoni. Waliobaki walirudi nyumbani na njaa yao, na njiani wakawa wanaulizana kwa nini leo wamechukuliwa Wajaluo watupu, au kwa nini jana walikuwa Wakamba, na Wagiriama wamekosa nini. Hasira yetu haikumfikia nyapara hata siku moja. Iliishia baina yetu.

Baba yangu alikuwa amebeba magunia katika bandari hiyohiyo tangu kabla ya vita vya pili. Januari 1947 alikuwa mmoja wa maelfu waliogoma Mombasa nzima na kukutana kwenye uwanja wa Majengo walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Nilipomweleza habari za nyapara na kidole chake, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ukitaka kujua bandari ni ya nani, mtazame anayeita majina asubuhi."

Sasa mimi ni mzee na naishi Philadelphia, kwa binti yangu. Magoti yakiniruhusu, natembea asubuhi kando ya mto Delaware. Mji huu hauko baharini. Meli hupanda mto safari ndefu ndipo zifike hapa. Kwa mazoea ya miaka mingi sikuweza kuutazama mto bila kujiuliza ni nani waliopakua meli hizo zamani, na walipataje kazi. Mjukuu wangu akanipeleka maktaba. Huko ndiko nilikokutana na Ben Fletcher na wenzake wa Tawi Namba 8, na tangu siku hiyo sijaacha kuwasoma.

Mwaka 1913 makuli wa Philadelphia walikuwa, kwa kukadiria, mafungu matatu yanayolingana: theluthi moja Wamarekani Weusi, theluthi moja Waayalandi na watoto wa Waayalandi, theluthi moja wageni wa Ulaya, hasa Wapolandi na Walithuania. Waajiri waliwapanga kama tulivyopangwa sisi. Genge la Weusi liliwekwa peke yake, la Wapolandi peke yake, na genge moja likianza kunung'unika lilionyeshwa jingine lililosimama nje likingoja. Hakukuwa na haja ya kumhubiria mtu chuki. Mpangilio wenyewe wa kazi uliizalisha kila alfajiri.

Katikati ya Mei mwaka huo karibu watu 4,000 wakaweka kulabu zao chini. Kamati ya mgomo iliundwa kwa watu wa kila kundi, ili kila lugha iwe na mdomo wake mezani. Vyama viwili vikaja kuwataka. Kimoja kilikuwa ILA, chama cha makuli kilicho chini ya shirikisho kubwa la AFL. Cha pili kilikuwa IWW, kilichozaliwa Chicago mwaka 1905 kwa msimamo kwamba anayeuza jasho lake ana nafasi chamani, awe wa rangi gani, fundi au kibarua. Tarehe 20 Mei wagomaji wakakusanyika na kuchagua IWW, wakawa Tawi Namba 8 la chama hicho.

Msomaji wa leo anaweza kudhani uchaguzi huo ulikuwa mwepesi. Haukuwa. Siku zile ndani ya AFL na nje yake vyama vingi vya mafundi viliwafungia Weusi mlango, vingine kwa katiba, vingine kwa desturi tu. Chama cha mafundi mashine kilificha sharti la weupe ndani ya kiapo chake cha siri. Vyama vya madereva wa treni na wachochea makaa wa treni viliandika waziwazi kwamba mwanachama lazima awe Mzungu. Mtu Mweusi aliyefukuzwa mlangoni na chama, kisha akaitwa na mwajiri kufanya kazi wakati wa mgomo, aliitwa msaliti. Mimi sioni alimsaliti nani. Hakuwahi kukaribishwa ndani ya nyumba aliyoambiwa ameibomoa.

Ben Fletcher alizaliwa Philadelphia mwaka 1890, Mmarekani Mweusi, na alikuwa mwanachama wa IWW hata kabla ya mgomo. Alikuwa msemaji hodari. Lakini kinachonigusa katika habari za Tawi Namba 8 si hotuba. Ni namna walivyoipanga kazi. Walikataa magenge ya rangi moja. Tangu hapo Mweusi, Mwayalandi na Mlithuania waliingia tumbo moja la meli wakatoka na vumbi moja. Kila mwanachama alivaa beji yake ya mwezi, ishara kwamba amelipa ada. Mtu akitokea gatini bila beji ya mwezi huo, genge zima lilisimama mpaka mambo yawekwe sawa. Mwajiri alibaki na pesa na meli, lakini kidole cha kuchagua kilikuwa kimemtoka.

Uenyekiti wa mikutano nao ulikuwa wa zamu, akikaa Mweusi leo, baadaye anakaa Mzungu. Walifanya pikiniki na dansi za pamoja, wake na watoto wakiwemo, katika mji ambao watu wa rangi mbili hawakuzoea kula meza moja. Na kila Mei, siku ya kuzaliwa kwa chama chao, waliacha kazi kutwa nzima wakasherehekea, meli zikisubiri.

Nimeshika kulabu mwenyewe, kwa hiyo niruhusiwe kusema kidogo juu ya genge. Mtu aliye chini, tumboni mwa meli, haoni winchi wala mwendesha winchi. Anamwona mmoja tu, yule mtoa ishara aliyesimama ukingoni mwa mlango wa shehena. Wavu wa magunia unapoteremka unayumba, na kama mtoa ishara amechelewa kukunja ngumi, uzito wa tani nzima unakushukia. Nilifanya kazi miaka minne na mtoa ishara kutoka Kisumu ambaye mwanzoni sikutaka hata kula naye. Mwaka wa pili nilikuwa najua kwa kivuli cha mkono wake kama amelala vizuri usiku. Hatukuwahi kukaa tukazungumzia umoja wa makabila. Ndiyo maana nikisoma kwamba watu wa Philadelphia walianza na genge kabla ya kitu kingine chochote, naona walijua wanachokifanya.

Si wao waliokuwa wa kwanza kujaribu. Huko kusini, New Orleans, mji wa pamba, makuli walikuwa wamepita njia nyingine, na nayo nataka kuieleza kwa sababu miaka yangu ya mwanzo bandarini nilipakia marobota ya pamba ya Uganda na ninajua uzito wake. Oktoba 1892 vyama vitatu vya mji huo viligoma pamoja: wapakiaji bidhaa, wapima mizani, na waendesha mikokoteni ya farasi. Viwili vya kwanza vilikuwa na Wazungu wengi, cha tatu Weusi wengi. Wafanyabiashara wakasema watasaini mkataba na hivyo viwili, cha waendesha mikokoteni hawakitaki. Magazeti yakajaa vitisho kuhusu Weusi. Vile viwili vikakataa kusaini bila cha tatu. Novemba mji mzima ukasimama siku nne, watu kama 25,000.

Miaka miwili tu baadaye, uchumi ulipoanguka na meli kupungua, Wazungu wa gati zilezile waliwashambulia Weusi kwa bunduki ili wawafukuze kazini, na Machi 1895 watu waliuawa ukingoni mwa mto Mississippi. Nimeyaweka matukio haya karibu kwa makusudi. Mji ulikuwa uleule, na mto ni uleule.

Waliobaki walijifunza. Mwanzoni mwa karne mpya walifanya mapatano waliyoyaita nusu kwa nusu: vyama vibaki viwili, cha Weusi na cha Wazungu, lakini kila meli igawanywe, idadi sawa ya watu kila upande, malipo sawa, na pasiwe na wa kushusha bei ya mwenzake. Kumbuka ni Louisiana hiyo, ambako katiba ya mwaka 1898 ilikuwa imewanyang'anya karibu Weusi wote haki ya kura, na sheria ziliwatenga hata kwenye viti vya treni. Oktoba 1907 mawakala wa meli walitaka kila genge la wapanga pamba melini lipakie marobota 200 kwa siku kama kule Galveston, badala ya 160. Karibu watu 10,000 wakagoma wiki tatu. Iliposemwa iundwe kamati ya usuluhishi, wafanyakazi waliteua Wazungu wawili na Weusi wawili. Waajiri wakasema hawataketi na Weusi. Wafanyakazi Wazungu wakajibu kwamba kama ni hivyo hakuna kamati. Sidhani Wazungu wale walikuwa wameacha kujiona bora. Mikutano yao na makanisa yao yalibaki mbali. Lakini walikuwa wamekwisha kuona, mwaka 1895, robota la pamba linapandaje uzito mwenzako akiondolewa.

Narudi Philadelphia. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, makuli wa Tawi Namba 8 walipakia risasi na chakula cha jeshi kilichokwenda Ufaransa. Hilo halikuwaokoa. Serikali iliiona IWW nzima kama adui wa ndani. Septemba mwaka huo ofisi zake zilivamiwa na viongozi 166 wakafunguliwa mashtaka. Kesi ilisikilizwa Chicago mwaka 1918 mbele ya Jaji Kenesaw Mountain Landis, washtakiwa kama mia moja wakiwa wamekaa safu kwa safu, na Mweusi kati yao alikuwa mmoja tu, Ben Fletcher. Alipewa miaka kumi na faini ya dola 30,000, akapelekwa gereza la Leavenworth, Kansas. Wenzake kadhaa wa Philadelphia walifungwa pamoja naye, Wazungu.

Siku hizohizo miji ilikuwa inawaka. East St. Louis mwaka 1917, Philadelphia penyewe Julai 1918, Chicago mwaka 1919, Weusi waliuawa mitaani na makundi ya Wazungu. Katika mtaa wa gatini, ambako rangi hizo zilifanya kazi bega kwa bega, moto huo haukuwaka. Mwaka 1921 jarida la The Messenger la New York, lililohaririwa na A. Philip Randolph na Chandler Owen, liliandika kwa heshima juu ya makuli wa Philadelphia, kama ushahidi kwamba jambo linawezekana.

Lakini chama kilikuwa tayari kimejeruhiwa, na jeraha moja kilijitia chenyewe. Baada ya vita meli zilipungua na watu walizidi, maana Weusi wengi walikuwa wamehamia kaskazini kutafuta kazi. Tawi likapandisha kiingilio hadi dola 25, wakati kanuni za IWW ziliruhusu dola 2 tu. Najua kwa nini walifanya hivyo. Mwenye mkate mdogo huogopa mgeni. Hata hivyo siwezi kuwatetea, kwa sababu aliyefungiwa mlango na dola hizo 25 alikuwa hasa maskini aliyetoka kusini jana, yuleyule ambaye mwajiri alikuwa anamtafuta. Makao makuu yalilisimamisha tawi kwa ajili hiyo, baada ya kulisimamisha kwanza kwa tuhuma kwamba lilipakia silaha za maadui wa mapinduzi ya Urusi. Zikapotea siku nyingi katika ugomvi.

Mwaka 1922, msimu wa majani kudondoka, makuli walidai siku ya kazi ya saa nane. Waajiri wakafunga gati kwa wanachama na kuwaleta watu wengine, wengi wao Weusi. Baada ya wiki chache yote yalikuwa yamekwisha. Wazungu wakaanza kusema ni Weusi waliotuangusha. Weusi wa chama, waliopoteza kazi sawasawa na wao, wakasikia wakitukanwa kwa rangi yao na wenzao waliokaa nao pikiniki. Ilikuwa miaka tisa ya kazi. Msimu huohuo Fletcher alitoka gerezani, Rais Harding akiwa amempunguzia kifungo. Alirudi kwenye gati ambako mwajiri alikuwa amekwisha kurudisha kidole chake. Msamaha kamili aliupata kwa Rais Roosevelt mwaka 1933, na alifariki Brooklyn mwaka 1949, makuli wengi wa wakati huo wakiwa hawalijui jina lake.

Pwani ya magharibi mambo yalikwenda polepole zaidi. San Francisco mgomo wa 1919 ulivunjwa, na kwa miaka 15 makuli walisimama alfajiri mbele ya jengo la feri wakingoja kuchaguliwa, kama sisi Kilindini. Weusi waliruhusiwa gati chache tu. Mei 1934 bandari zote za pwani hiyo ziligoma, na mgomo ukachukua siku 83. Harry Bridges, baharia wa zamani aliyezaliwa Australia, alikwenda makanisa ya Weusi kuomba wasije kuvunja mgomo, akaahidi kwamba wakishinda wataingia chamani sawa na wengine. Tarehe 5 Julai polisi walipiga risasi na watu wawili wakafa, kisha mji wote ukagoma siku nne. Walichokipata, na ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko nyongeza yoyote ya mshahara, ni ukumbi wa kugawia kazi, ambao mwita majina wake alichaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Kanuni ilikuwa moja: aliyefanya saa chache kuliko wote ndiye anayeitwa kwanza. Kanuni hiyo haiulizi baba yako nani.

Ningependa kuishia hapo, lakini si kweli yote. Chama kilekile, kilichojiita ILWU tangu 1937, kilikuwa na tawi lake mjini Portland, Oregon, nalo pia ni Tawi Namba 8. Huko nako wafanyakazi ndio walioshika orodha, na waliitumia orodha hiyo kuwazuia Weusi mpaka mwaka 1964. Miaka 30 tangu ushindi. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimeishi na maneno ya baba yangu tangu ujana wangu bila kujiuliza swali ambalo Portland inaliuliza: na wasioandikwa kwenye orodha, nani anawaita?

Randolph aliliuliza swali hilo maisha yake yote. Alikiongoza chama cha wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala, kilichoundwa 1925, hadi kampuni ya Pullman ikasaini mkataba nacho mwaka 1937. Mwaka baada ya mwaka alisimama katika mikutano mikuu ya AFL akataka vyama vyenye ubaguzi vitolewe. Sisi wa Kenya tuna sehemu katika habari hii. Tom Mboya alipokwenda Marekani mwaka 1956 alipata marafiki katika vyama vya wafanyakazi, na shirikisho, ambalo sasa liliitwa AFL-CIO, likatoa dola 35,000 kusaidia ujenzi wa jumba la wafanyakazi Nairobi, Solidarity House. Nimelipita jumba hilo mara nyingi. Mwaka 1959, katika mkutano mkuu wa shirikisho hilohilo San Francisco, Randolph alidai tena haki za wafanyakazi Weusi, na rais wake George Meany akamkaripia mbele ya umati, akimuuliza ni nani aliyemfanya mlezi wa Weusi wote wa Marekani. Fedha za Nairobi zilikuwa za kweli na zilitufaa. Milango iliyofungwa nayo ilikuwa ya kweli.

Novemba 1984 meli iitwayo Nedlloyd Kimberley ilitia nanga San Francisco, ndani yake mna shehena ya Afrika Kusini. Makuli wa Tawi Namba 10, ambalo wakati huo lilikuwa na Weusi wengi kwa sababu ya ile ahadi ya makanisani, walipakua vitu vingine vyote. Shehena ya makaburu waliiacha tumboni mwa meli. Siku 11 waliikataa, watu wakikusanyika nje ya gati kuwaunga mkono, mpaka amri ya mahakama ilipowalazimisha. Mimi mwaka huo nilikuwa bado Kilindini, nimekwisha kuwa mtoa ishara, na baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Nimejaribu kuwaona wale watu wa San Francisco kila alfajiri ya siku hizo 11, wamekaa ukumbini na vikombe vyao vya kahawa, Weusi na Wazungu, wakijua kwamba waliotumwa jana kwenye meli ile wamekataa na leo huenda ni wao. Mwita majina anafungua dirisha lake dogo. Anatazama orodha ya saa za kila mtu, anaanza na mwenye saa chache.